Goli la Upande wa Ziwa

Kaka yangu mkubwa, niliyemwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu wa tumbo moja, hakuwahi kucheza mpira wa maana. Mchana alibeba mizigo bandarini, na jioni alikuwa kocha wa timu yetu ya wasichana wa mtaa, hapa Kalemie. Yote aliyonifundisha kuhusu kudaka aliyatoa kwa golikipa mmoja mashuhuri wa Ufaransa. Simu yake ilijaa video za yule mtu. Alinionyesha alivyokuwa kijana, akifungwa magoli ya kizembe, halafu alivyobebwa na wenzake akiwa bingwa, na mwisho alivyozeeka golini, miguu mizito, akidaka kwa akili kuliko kwa kuruka.

"Angalia macho yake," Yaya aliniambia. "Umeona akiangalia nyuma?"

Sikuwa nimeona. Leo mimi mwenyewe nafundisha magadien, maana ndivyo tunavyowaita magolikipa, na somo hili hulirudia kwa upole kwa sababu ni gumu. Ukianza mchezo, gusa mlingoti kwa mkono. Songa mbele kidogo, kisha uguse tena kwa mawazo tu. Mwili utajua goli liko wapi bila shingo kugeuka. Ukigeuka, mpira haukungoji. Usijilaumu ukishindwa mara ya kwanza. Mimi nilishindwa muda mrefu, nami nilikuwa na sababu.

Goli letu la upande wa mashariki lilikuwa limeligeuzia ziwa mgongo. Zamani kulikuwa na nyumba kati yake na maji. Ziwa lilipopanda, lilizila nyumba zile, likaja mpaka nyuma ya milingoti, na matete yakaota palipokuwa jikoni kwa watu. Wavu hatukuwa nao. Mpira ukipita, ulipita moja kwa moja mpaka ndani ya matete. Na mamba alikuwamo. Mama mmoja jirani yetu alikwenda pale kuosha sufuria asubuhi, na kilichopatikana ni beseni lake likielea.

Kuna mambo mawili inafaa niyaeleze, maana bila hayo mtu wa mbali atashangaa tulikuwa wajinga wa namna gani. La kwanza ni desturi ya viwanja vyetu: gadien aliyefungwa ndiye anayekwenda kuchukua mpira. Hatumwi mtoto, hatumwi beki. La pili ni imani. Watu wa kwetu husema kuna mamba wa Mungu, anayekula samaki na kuwaogopa watu, na kuna mamba wa kutumwa, anayetumwa na mtu mwenye kinyongo ili amchukue yule tu aliyeandikiwa. Basi asiye na ugomvi na mtu huingia majini bila wasiwasi. Na anayekataa kuingia anajitangaza mwenyewe kwamba yeye amemkosea mtu. Hata yule mama wa beseni, kabla matanga hayajaisha, watu walikuwa wameanza kuulizana alikuwa amegombana na nani.

Kwa hiyo nilipokuwa golini upande ule niliogopa mara mbili: kuliwa, na kuonekana naogopa.

Siku ya mchezo na wasichana wa mtaa wa reli, kipindi cha kwanza nilikaa upande wa barabara. Nilidaka vizuri, tukapata goli moja. Tulipobadilishana pande, mshambuliaji wao, msichana mrefu mwenye maneno mengi, alinipita akicheka.

"Mama gadien, ujitayarishe. Mamba iko na njaa."

Wenzake wakacheka, na wetu pia wakacheka. Mimi nikagusa mlingoti. Kisha nikageuka nyuma. Matete yalikuwa yametulia. Nikageuka tena baadaye, yakawa yanatikisika kwa upepo, au nilijiambia ni upepo. Yaya alipaza sauti kutoka pembeni nitazame mbele. Nilimsikia. Shingo ndiyo iliyokataa.

Mpira ulipigwa nikiwa nimegeuka. Ulinipita karibu na goti, ukadunda, ukaingia ndani ya matete.

Hatukuwa na mpira mwingine. Wale wa reli walishangilia, kisha watu wote wakanigeukia. Nilitembea mpaka maji yakagusa vidole. Mpira niliuona, ulikuwa umenaswa kwenye mabua, mbali kiasi cha maji ya kiunoni. Kando yake kulikuwa na kitu cheusi kilicholala juu ya maji. Huenda kilikuwa gogo. Nilikitazama nikingoja kisogee, na hakikusogea, na kutokusogea kwake kukanitisha zaidi.

Nikarudi nyuma.

Yaya alikuwa ameshafika. Alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Hauna mambo na muntu. Ingia tu."

"Sina mambo na muntu, Yaya. Niko naogopa tu."

Nyuma yetu mtu aliuliza nilikuwa nimemfanyia nani nini. Mwingine akamjibu kwa kunong'ona. Yaya aliyasikia maneno yale. Alivua viatu, akavipanga vizuri kama mtu anayeingia kanisani, akaingia majini ili kulisafisha jina letu. Maji yalimfika magotini, mapajani, kiunoni. Kile kitu cheusi sikukiona tena, wala sikujua kimezama saa ngapi.

Aliushika mpira. Akasimama pale, hakugeuka mara moja. Kisha akaanza kurudi polepole mno, akiuburuta kila mguu bila kurusha maji, uso umekuwa wa majivu. Alipokanyaga nchi kavu aliketi matopeni. Nilimshika mikono ili niuchukue mpira. Vidole vyake vilikuwa vimekaza, nikavifungua kimoja kimoja.

"Kuna kitu kimenigusa mguu," alisema, na sasa hakujali nani anasikia. "Kinapita, kinarudi. Mimi sina adui hata mmoja, munajua wote. Kimenigusa tu."

Hakuna aliyemuuliza alikuwa amegombana na nani. Yule msichana mrefu wa reli alikuja, akamletea viatu vyake. Mwamuzi alitazama ziwa, akatazama saa, akasema mchezo umekwisha, sare. Hakuna aliyebisha.

Milingoti ya upande ule tuliing'oa wenyewe, timu zote mbili, kabla jua halijashuka. Tulifanya kazi haraka, tukiwa tumeligeuzia ziwa uso, na aliyechimba alichimba huku mwenzake akimwangalilia maji.