Puli Kubwa Ikae Wapi

Mume wangu alipofariki aliacha mashine ya kupasua mbao ikiwa nusu, nyuma ya zizi letu hapa upande wa Mweiga. Fremu ya chuma ilikuwa tayari. Magurudumu mawili ya gari, ambayo msumeno mwembamba kama utepe ungezunguka juu yake, yalikuwa mahali pake, na msumeno wenyewe ulikuwapo. Mota ya umeme, aliyoinunua kutoka kwa mashine ya posho, ya kusaga unga wa mahindi, iliyofungwa, ilikuwa imekazwa chini pamoja na puli yake kubwa, gurudumu la kupitishia mkanda, na puli ndogo ilikuwa kwenye ekseli ya gurudumu moja. Kilichokosekana ni mikanda ya mpira ya kupeleka nguvu kutoka kwa mota hadi kwenye magurudumu.

Watoto wetu wanaishi mbali. Walikubaliana kwa simu kwamba vyuma hivyo viuzwe kabla ya kuliwa na kutu.

"Mum, utapasua mbao na nani?" kijana wangu mkubwa aliuliza.

Nilimwambia nitafikiria. Baada ya simu kukatika nilitoka nje nikaiangalia mashine kwa muda mrefu. Siku hizo nilikuwa naweza kufika jioni bila kutamka neno, ila kumfukuza kuku. Mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Chaka alikuwa ameahidi kuja Ijumaa. Niliamua hivi: akikuta mashine inapasua, atarudi na lori tupu. Asipokuta hivyo, aibebe.

Nikaenda Nyeri mjini, kwenye duka la mikanda. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye kalamu sikioni.

"Mashine ni ya nini, shosho?"

"Ya kupasua mbao."

"Na puli kubwa umesema iko wapi?"

"Kwa mota."

Akatoa kalamu sikioni. "Sasa hiyo ni posho. Ukiweka gogo hapo utatoa unga."

"Ati unga ya saiprasi?" mteja mmoja nyuma yangu akadakia. "Hiyo ugali itaiva lini?"

Tulicheka sote. Kisha muuzaji akauliza, "Nani alikufungia hivyo?"

"Mzee wangu."

"Mwambie abadilishe. Hiyo msumeno ikikatika kwa hiyo mbio, itamtafuta mtu."

"Nitamwambia," nikasema.

Nilifundisha hesabu shule ya msingi hadi nilipostaafu, kwa hivyo jambo hili nilipaswa kuliona mwenyewe. Ni rahisi, hata wewe ambaye hujawahi kushika spana utalielewa. Fikiria mtu mzima na mtoto wakitembea wameshikana mikono. Mtu mzima akipiga hatua moja, mtoto anapiga mbili ili wasiachane. Puli ni vivyo hivyo. Puli kubwa ikikaa kwenye mota na ndogo kwenye mashine, mota ikizunguka mara moja, mashine inazunguka mara mbili au zaidi. Posho inataka mbio hizo. Msumeno wenye magurudumu ya gari hautaki. Wenyewe unahitaji nguvu na utulivu, basi ndogo inakaa kwa mota na kubwa kwa ekseli. Mume wangu alitengeneza mashine za posho Kieni nzima kwa miaka mingi. Mkono wake ulienda ulikozoea.

Muuzaji alinichagulia puli mbili za mifereji miwili, akahakikisha kwa vipimo nilivyobeba kuwa tundu la kila moja linalingana na shafti yake, mhimili unaoizungusha. Urefu wa mkanda tulipata bila kubahatisha: umbali kati ya shafti mbili, mara mbili, ongeza nusu ya mzingo wa kila puli. Nikamwambia mkanda mmoja wa zamani, uliokuja na mota, upo nyumbani na bado ni mzima, anipe mmoja tu.

"Hizi ni pea," akasema. "Ya zamani imeshanyooka. Hiyo mpya itabeba kazi yote peke yake, iishe upesi."

Nikachukua miwili.

Kuitoa puli ya mume wangu kwenye mota kulinichukua jioni mbili. Alikuwa ameikaza kama mtu asiyetarajia kuifungua tena. Kila nilipogonga nyundo juu ya kipande cha mti, nilijihisi kama ninayemkosoa mbele ya watu. Hakupenda kukosolewa. Ukimwonyesha kosa, alikuwa akitoka nje kumwangalia ng'ombe asiye na shida yoyote, halafu anarudi na kuuliza, "Ulikuwa unasemaje?" Hapo ndipo ulijua amekubali. Puli ilipolegea hatimaye, niliketi chini nikiwa nimeipakata, na mbele yangu kulikuwa na mota na ukuta wa zizi.

Ile ndogo ya ekseli ilitoka upesi, na kufunga mpya hakukuwa kazi ngumu. Nilinyoosha uzi kando ya puli zote mbili kuhakikisha zimekaa mstari mmoja. Nikaisogeza mota nyuma hadi mikanda ikakaza, ila si sana: ukiibonyeza katikati kwa kidole gumba, iingie kidogo. Mtu yeyote mwenye subira anaweza.

Ijumaa asubuhi nilisimama kando, mbali na njia ya msumeno, nikawasha. Magurudumu yalizunguka kwa sauti nzito, ya chini. Nilisukuma msumeno polepole kwenye gogo la saiprasi, na vumbi likamwagika likinukia.

Mnunuzi alipofika, ubao wa kwanza ulikuwa umelala kwenye nyasi. Alipitisha kiganja juu yake, akainama kutazama mikanda.

"Mathe, hii si chuma ya kupima kwa kilo," akasema. "Niko na miti ya bluugamu kwangu. Nikileta utanipasulia?"

"Lete."

Lori lake lilipopotea barabarani, nilimpigia kijana wangu. Hakushika, ilikuwa saa za kazi. Niliegemeza ubao ukutani, nikausogeza usipigwe na jua, nikausogeza tena. Kisha nikaweka gogo la pili.