Rekodi Yangu ya Ndoo Kichwani

Mjukuu wangu alianza kuangalia kile kipindi cha runinga cha rekodi za dunia akiwa hajaota meno. Leo yuko darasa la tano na kipindi hakijaisha. Siku moja wakaonyesha mwanamume wa ng'ambo anatembea na chupa kichwani bila kuishika, anapigiwa makofi.

"Chupa?" nikasema. "Kesho njoo kisimani uone rekodi."

Kesho yake nikajitwisha ndoo ya maji, mjukuu akashika simu kupima muda. Masharti: utembee mpaka nyumbani, usiishike, usisimame.

Njiani ikatokea pikipiki ya mkwe wangu, baba wa huyo mtoto, anatoka machimboni Bulyanhulu. Sisi Wasukuma, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Nikajitosa kwenye shamba la mtama. Lakini nikisimama nimeshindwa, basi nikawa nazunguka humo humo. Mtama ulinificha mimi, ndoo haukuificha.

Mkwe akamuuliza binti yake, "Bibi yako ana nini?"

"Anavunja rekodi, baba. Haruhusiwi kusimama."

"Mama mzima azunguke na mzigo, mimi naangalia? Namtua!"

Akaingia mtamani kinyumenyume asije akaniona, mikono kaitupa nyuma, anapapasa. Nikatoka mbio, naye nyuma yangu kinyumenyume, mpaka nyumbani. Ndoo ilifika imejaa.

"Bibi, umekimbia," mjukuu akasema. "Sharti ni kutembea."

"Waambie hao wa runinga, yule wa chupa hakufukuzwa na mkwe."