Nilizima Toleo la Zamani, Mjomba Akabeba Lawama

Mimi ni mshenzi. Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaniita hivyo nyinyi.

Natunza mitambo ya mradi wa maji hapa Isiolo. Mawakala wetu huko nje wanatumia simu kuomba lori la maji. Ombi likifika, lori linatoka. Kompyuta zenyewe ni za kukodi, ziko mbali huko kwenye wingu. Lakini kabla simu ya mtu ikubaliwe, kuna huduma inayouliza: wewe ni nani? Hiyo ndiyo niliachiwa mimi.

Ilikuwa na matoleo mawili, la zamani na jipya. Simu zisizo na programu mpya zilijua lile la zamani tu. Mkubwa wangu aliniambia niache yote mawili mpaka kila wakala ahamie. Kila wakala! Mimi nikajaribu simu za watu wa Chechelesi, hapa hapa mjini, zikaingia sawa, nikaona yameisha. Nikazima la zamani. Nilitaka sifa, wallahi!

Abuya, yaani mjomba wangu aliyenisomesha, ndiye alikuwa wakala wa Biliqo, mbali huko nyikani ambako netiweki inakuja na kupotea. Akanipigia. Sasa salamu zetu Waborana mnazijua: watoto wazima? Mbuzi wazima? Mvua je? Nikamkatiza.

"Abuya, sema haraka, niko kazini."

Akaziacha salamu. "Hii simu inasema hainijui."

"Bonyeza tena," nikamwambia, nikakata.

Kwetu mzee ukimkatiza salamu, hakurudii tena na shida yake. Na mimi nilijua! Hakupiga tena. Ombi la Biliqo halikufika, lori likaenda Merti badala ya kwao. Mbuzi wakaanza kuanguka kwa kiu, wa abuya na wa majirani zake.

Habari ilipofika ofisini nikaangalia mitambo. Simu yake ilikuwa imejaribu na kujaribu kuingia kwa lile toleo nililozima. Nikaliwasha kimyakimya. Halafu kwenye mkutano, mkubwa wangu akauliza kulikoni, na mdomo huu ukasema, "Hawa wazee simu zinawashinda." Astaghfirullah! Watu wakacheka. Abuya akanyang'anywa uwakala. Biliqo nzima ikasema alilala mbuzi wakifa.

Mimi nikapongezwa kwa kuhamisha watu vizuri kwenye toleo jipya. Na nikasema asante!

Nyinyi mnaofanya kazi kama yangu, msizime toleo la zamani mpaka mjue nani bado analitumia, hasa yule anayekaa mahali netiweki ni ya kubahatisha. Na mkiharibu, semeni siku hiyo hiyo! Mkingoja, mtu mwingine atakuwa ameshawabebea lawama.

Juzi mama alienda kumwona. Abuya akamwambia amezeeka, vidole vyake havijui tena simu, na mbuzi wa watu wamekufa kwa sababu yake. Anazunguka nyumba kwa nyumba akiomba majirani msamaha.

Na mimi bado sijampigia.