Pumzi Mferejini

Juzi, karibu na Soko la Toi, niliona gari likivuta trela la safari, lenye kitanda na jiko ndani, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, Riruta Satellite.

Baba, fundi wa mabomba, alikuwa akimwaga maji yote ya trela kama hilo, kwa kuwa mwenye trela angeliegesha Nyandarua, ambako jalidi hugandisha maji na kupasua mabomba. Alijilaza chini yake, nami nikasimama ndani, kwenye sinki.

“Mwende, fungua huo mfereji, na usiuguse tena!”

Maji yalikoroma, yakapungua, yakaisha. Kisha mfereji ukahema. Pumzi ndefu, yenye harufu ya kitunguu alichokula baba mchana, ilinipiga usoni.

“Baba?”

Mfereji ukahema tena, kwa unyonge zaidi.

Leo najua alikuwa akipuliza kwa mdomo mpira wa maji aliouunganisha na bomba ili kufukuza matone ya mwisho. Siku ile niliamini kwamba roho ilikuwa ikimtoka kupitia pale. Nikaufunga mfereji kwa mikono miwili, ili iliyobaki isitoke.

“We Mwende, nani amekuambia ufunge? Fungua, mama!”

Sikufungua. Niliung’ang’ania nikilia, hadi baba aliposimama mlangoni, amejaa matope, akihema.