Mchuzi Aliousifu Mama Mkwe

Nilipoolewa nikaletwa Kikwajuni, kwenye nyumba ya mume wangu na mama yake, nilikuwa nimeshafanya kazi Paje miaka minne. Nilikuwa nikisafisha vyumba katika nyumba ya wageni, na mume wangu alikuwa akituletea mashuka na mapazia kutoka duka analouzia, Mlandege. Ndivyo tulivyojuana. Mimi kwetu Tabora. Ni Mwislamu kama wao, lakini mama mkwe alikuwa na jina lake la kuniita, "yule wa mahotelini," na wala hakulificha.

Jioni ya kwanza ya kupika mimi nilipika muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Mume wangu aliporudi kutoka kusali magharibi, nikatandika mkeka, nikaweka sinia, nikaenda kugonga mlango wa mama mkwe.

"Mama, karibu chakula."

"Mie nshakula, mwanangu. Kuleni."

Alisema kwa sauti tamu, nikaamini. Nilipotoka uani kuosha vyombo nikamkuta amekaa kwenye kibao, mbele ya seredani yake ya mkaa, anageuza ndizi zinazotokota. Aliinua macho akanitazama, kisha akaendelea kugeuza. Hakuona haya, ila mimi ndiye niliyeona haya, nikarudi ndani na vyombo vyangu vichafu.

Ikawa hivyo kila siku. Mimi na jiko langu la gesi ndani, yeye na seredani yake uani. Mume wangu akirudi msikitini alianzia uani. Alikula na mama yake, wakacheka, nikiwasikia. Ndipo akaja kwangu, akamega matonge mawili, akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba."

Nilimwambia mapema kabisa, mwezi haujaisha.

"Mwambie mama tule pamoja. Au wewe anzia kwangu."

"Mama mtu mzima. Tumstahi."

"Na mimi?"

"Wewe unaelewa."

Kuelewa ndiyo ikawa kazi yangu katika nyumba ile.

Siku moja nilikuwa naanua nguo, nikamsikia mama mkwe akizungumza na mgeni wake sebuleni. Mgeni alimuuliza kwa nini hali chakula cha mke wa mwanawe, kwani hajui kupika? Mama mkwe akajibu, "Sijasema hajui. Lakini mkono uliotandika vitanda vya watu usiowajua watokako, mie siutii kinywani mwangu."

Ningekuwa na akili ningeacha siku ile ile. Badala yake nikajidanganya kwamba nikipika vizuri zaidi, roho yake italainika. Nyumba ya pili yetu alikaa mama mmoja wa Kihindi, aliyezaliwa mtaa ule ule, mpishi kwelikweli. Nilikwenda kwake kila alasiri. Alinifundisha kutenga tui la kwanza na tui jepesi, kuacha ukwaju mpaka mwisho, kutochokoachokoa samaki. Baada ya miezi alionja mchuzi wangu, akaonja tena.

"Huu mama mkwe wako akiula hatajua kama ni wako," akasema.

Wazo lilikuwa lake, mimi nikalikubali. Jioni ile alimimina mchuzi wangu kwenye bakuli lake la maua, akaweka na chapati nilizosukuma mimi, akaja mwenyewe kubisha hodi.

"Bi mkubwa, nimekuletea kidogo."

Mama mkwe alikula pale pale, mimi nimesimama kwenye mlango wa jiko. Alikula mpaka akafuta bakuli kwa kipande cha mwisho cha chapati. Kisha akanigeukia mimi, hasa mimi, akasema, "Umeona? Huu ndio mchuzi. Mwombe akufundishe."

Jirani yangu alinitazama. Alikuwa tayari kusema. Nikamtikisia kichwa. Kama ningemwambia, mama mkwe angetapika mbele yetu, na mimi nisingeweza kuishi na picha hiyo. Usiku ule nilijua kwamba hakuna chakula nitakachopika kikanisaidia. Hata hivyo kesho yake nikapika, kwa sababu mume wangu alikuwa anarudi.

Mwaka wa nane wa ndoa kiharusi kilimwangusha mama mkwe uani, upande wa kulia ukalala. Seredani ikaingizwa stoo. Kuanzia siku hiyo nilimlisha mimi, asubuhi uji, jioni ndizi au viazi vya kupondwa na supu. Alifungua kinywa huku akiangalia ukuta. Siku moja nilipokuwa namfuta kidevu, alinishika kiganja kwa mkono wake mzima. Nikasema, leo ananishukuru. Kumbe alikuwa anaondoa mkono wangu.

Wifi yangu anaishi Maskati. Alikuja mama yake akiwa ameshalala kitandani mwaka mzima. Jioni aliyofika aliingia jikoni na nguo zake za safari, akapika uji wa mchele, akautia chumvi nyingi kwa wasiwasi. Niliuonja, nikampa bakuli. Akamlisha mama yake akilia. Mama mkwe, ambaye ulimi wake ulikuwa umeanza kurudi, akameza, akapumua, akasema polepole, kila neno peke yake, "Tangu nilale hapa, leo ndo nimekula."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kama nilivyosikia mimi. Nilimtazama nikisubiri neno moja tu. Aseme, mama, na huyu je?

Akasema, "Mama anampenda sana binti yake."

Mama mkwe alifariki mwezi uliofuata. Wakati wa kumuosha, wifi alilia akashindwa kusimama, wakamtoa nje. Mikono iliyomuosha ni hii, pamoja na ya wazee wawili wa kike wa mtaani. Wakati wa matanga watu walimpa wifi pole, wakamsifu kwa kuja kumuuguza mama yake.

Juzijuzi mume wangu aliniambia, tumekaa kwenye mkeka, "Hebu siku moja nipikie ndizi kama zile za mama."

"Sijui zilikuwaje. Sijawahi kuzionja."

Akacheka, akidhani namtania. Kisha akaacha kucheka. "Hata siku moja?"

"Nani angenipa? Ulikuwa unazimaliza wewe."

Akasema, "Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ukasema naelewa."

Alinawa, akavaa kofia yake, akatoka kwenda kusali isha kabla haijaadhiniwa.

Siku hizi akirudi anakaa moja kwa moja mbele ya sinia, na hawezi kuanza mpaka nikae. Ananisogezea upande wangu kipande kizuri cha samaki, cha tumboni. Nakila. Nasema ahsante. Yeye anadhani yamekwisha. Mimi sijui kama nitamsamehe, na kwa kweli sijajaribu.