Kitasa cha Funguo Pande Mbili

Mara ya kwanza mama kutoka nyumbani peke yake alfajiri, alifika Buguruni. Mpaka leo sijui alifikaje. Tunakaa Kariakoo, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia, na magoti ya mama yanamsumbua. Mzee mmoja muuza vitunguu alimwona pale sokoni akikagua magunia ya watu, anaingiza mkono, ananusa, anauliza mzigo umetoka wapi. Bahati yetu, yule mzee aliwahi kununua maharage kwa mama enzi ana duka la jumla. Akamkalisha kwenye kiti, akampa maji, akaulizia namba ya kaka yangu kwa wafanyabiashara wenzake mpaka akaipata.

Duka tulishaliuza. Mama alikuwa ameanza kusahau, na daktari alituambia kuwa kusahau kule hakutapungua. Lakini mwili wake ulikuwa bado unaamka mapema kwenda kufungua biashara.

Kaka, ambaye anakaa Upanga na familia yake, alikuja jioni ile ile. Aliutikisa mlango wetu, akauchezesha mkono wa kitasa uliokuwa umelegea.

"Weka kitasa cha funguo pande mbili," alisema. "Ukishafunga, ufunguo unabaki nao wewe."

"Na mimi nikitaka kutoka?"

"Si uko nyumbani?"

Hakusema kwa ubaya. Ni kweli nilikuwa nyumbani. Meza ya vitenge niliyokuwa nikishirikiana na rafiki yangu nilikuwa nimemwachia yeye, kwa sababu mama hakuweza tena kukaa peke yake.

Kesho yake jirani yetu wa mlango wa mbele, mama mmoja wa Kiarabu aliyezaliwa na kukulia Kariakoo, alikubali kukaa na mama, nami nikashuka kutafuta kitasa. Ukishuka kwetu, maduka ya vifaa vya ujenzi yamefuatana mtaa mzima. Mikono ya vitasa imefungwa kwenye mbao ukutani, ya rangi ya dhahabu, ya fedha, iliyopinda, ya duara. Nilipita nikiishika mmoja mmoja kama mtu anayepeana mikono msibani. Ya duara niliiacha kwa sababu vidole vya mama havina nguvu, kisha nikakumbuka kwamba sikuja kumtafutia mlango mwepesi.

Muuzaji aliniona nimesimama muda mrefu. "Dada, unamzuia mwizi au unamzuia mtu wa ndani?"

"Mama yangu. Anatoka bila kujua anakokwenda."

Alishusha kimoja ubaoni. "Pole sana. Basi chukua hiki. Hata uwe ndani, bila ufunguo hutoki."

Alikisifia kama wanavyosifia bidhaa zote. Nikakinunua. Fundi akaja, akachonga mlango kwa patasi, akakipachika, nami nikautia ufunguo kwenye uzi nikauvaa shingoni, ndani ya gauni.

Asubuhi zikabadilika. Mama aliamka, akajifunga kanga, akaenda mlangoni. Alibonyeza mkono wa kitasa taratibu, akangoja, akabonyeza tena. Hakuwa na fujo. Hilo ndilo lililoniumiza. Siku moja alinigeukia nikiwa nafagia, akaniambia kwa adabu, "Mama mwenye nyumba, naomba unifungulie. Wateja wananisubiri."

"Mama, ni mimi mwanao."

"Sawa," alisema. "Lakini nifungulie."

Nikimpa chai alikunywa huku anautazama mlango. Nikifungua kwenda kutupa taka, ilibidi nifunge kwa nje, na sauti yake ikinifuata kwenye ngazi. Kanisani niliacha kwenda. Rafiki yangu wa vitenge alipopiga simu kuniambia mzigo mpya umefika, nilimjibu kwa kifupi nikakata. Chini nilisikia watu wa Kariakoo wakinadi, wakicheka, wakisukuma mikokoteni, na sisi wawili tuko juu, madirisha yana nondo, kibaraza nacho kimezibwa kwa nondo hadi juu. Nilianza kuzichukia sahani, makochi, hata kalenda. Wakati mwingine nilisimama mlangoni nimeushika ufunguo kifuani, bila sababu ya kutoka, nikihesabu tu kwamba ningeweza.

Halafu ikaja siku ya moshi. Ilikuwa mchana, mama amesinzia kwenye kochi. Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha vishindo vya watu wakikimbia kwenye ngazi, na mtu akipaza sauti kwamba kuna moto chini. Nilimwamsha mama, nikamvalisha ndala, nikautoa ufunguo shingoni. Nikautia tunduni, ukagoma. Nikauzungusha kwa nguvu, ukakatika. Kipande cha kichwa kilibaki mkononi mwangu, kingine ndani ya kitasa.

Nilibonyeza mkono wa kitasa, nikauvuta, nikaupiga mlango kwa viganja mpaka vikawaka. Moshi ulikuwa unapenya kwa chini. Nilitamka maneno ambayo siyakumbuki.

"Jirani, mko ndani?" Ilikuwa sauti ya yule mama wa mlango wa mbele.

"Ufunguo umekatika. Hatuwezi kutoka."

"Nisikilize. Loweka taulo uzibe chini ya mlango. Nimeshampigia fundi, na vijana wameshuka kuangalia huo moto."

"Shuka na wewe, dada. Usije ukafa hapa kwa ajili yetu."

"Siendi popote. Ziba mlango."

Niliziba. Aliendelea kuzungumza nasi, mara anasoma dua, mara anauliza kama mama anapumua vizuri. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, ametulia kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

"Tunamsubiri nani?" aliniuliza.

"Fundi, mama."

"Basi kaa chini. Fundi wa mjini humharakishi."

Nikakaa sakafuni, nikaegemea miguu yake. Alinipapasa kichwani. Sidhani kama alijua kichwa ni cha nani.

Moto haukuwa mkubwa. Nyaya ziliungua kwenye stoo ya viatu ghorofa ya chini, na walikuwa wameshauzima kwa mchanga wakati fundi anafika na mtaimbo. Alipasua fremu, mlango ukafunguka ukiwa umening'inia kwenye bawaba moja. Jirani aliingia, macho mekundu kwa moshi, akamkumbatia mama kwanza.

Jioni kaka alipokuja, alishika kile kitasa kilichoharibika akakigeuza geuza. "Tutafute cha aina hii hii, ila imara zaidi," alisema.

"Hapana."

"Akitoka tena je? Safari hii akigongwa na gari?"

"Nimeliwaza hilo. Lakini sitamfungia tena mahali ambapo hata mimi siwezi kumtoa. Ukitaka kitasa kile, mchukue Upanga ukamfungie kwako."

Kaka alikiweka kile kitasa kibovu mezani. Mwisho aliuliza ninataka kipi, nikamwambia. Kwa nje kina ufunguo, kwa ndani kina kishikio kidogo unachokizungusha kwa vidole. Tulikinunua pamoja. Kaka akachukua zamu ya Jumapili.

Sitasema mambo yakawa mepesi. Mama alijifunza kukizungusha kile kishikio haraka kuliko nilivyotarajia, na tangu hapo sikio langu halipumziki. Kikilia nipo jikoni, natoka na mwiko mkononi. Mara nyingi namkuta kwa jirani, ambaye sasa huacha mlango wake wazi asubuhi, anampa kahawa na kashata. Mara nyingine namkuta ameshashuka ngazi nusu, nami nashuka naye polepole hadi chini, tunazunguka mtaa, tunapanda. Nachoka. Kuna siku natamani kile kitasa cha funguo pande mbili, na siku hiyo ikipita naogopa kwamba nilikitamani.

Jumapili iliyopita kaka alikuja mapema, nikaenda soko la samaki la Feri peke yangu. Nilinunua samaki wachache aina ya changu, kisha nikabaki nimesimama tu kati ya wanunuzi, ndoo zikinigonga miguuni, hakuna aliyeniita. Nilirudi jua limekuwa kali. Kwa kuwa nilikuwa nimemwachia kaka ufunguo, nikabisha hodi.

Mlango ulifunguliwa na mama mwenyewe. Kaka alikuwa nyuma yake, amesinzia kwenye kochi.

"Karibu," mama aliniambia. "Unamtafuta nani?"

"Shikamoo, mama. Nimeleta samaki."

"Marahaba." Aliufungua mfuko, akawanusa, akaridhika. "Wazuri. Ingia ndani, mwanangu, jua kali hilo."