Picha Ambayo Mzee Hakuinunua

Mwaka wangu wa pili Louisville niliacha kazi ya kiwandani, nikaajiriwa kwenye nyumba ya mnada wa picha za zamani za kuchorwa. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, kufunga na kubeba. Mwenye nyumba hiyo alikuwa mzee mpole, dalali, mtoto wa dalali, mjukuu wa dalali. Tulipokuwa tukipanga picha ghalani alipenda kunisimulia.

"Babu yangu alianza kwa kunadi vyombo vya marehemu," aliniambia. "Ukinunua kabati, picha unapewa bure. Yeye akasema hapana, picha nazo zina wanunuzi wake. Akatangaza mnada wa picha peke yake. Mvua ikanyesha, wakaja watu wanne."

Picha ya mwisho siku ile, ya wanaume wakipakia tumbaku kando ya mto, haikupata hata mtu mmoja wa kutaja bei. Babu akainunua mwenyewe, kwa aibu. Baadaye baba wa mzee wangu akaiuza wakati wa dhiki, kabla mzee hajazaliwa. Aliijua kwa kuhadithiwa tu. Hata hivyo alinionyesha, kwenye fremu nyingine ya zamani, alama ya ufunguo ambayo babu aliichoma kwa chuma nyuma ya kila fremu.

Msimu mmoja wa majani kupukutika tulikwenda Whitehall, pembeni mwa Columbus, kuhamisha vitu vya mama mmoja aliyefariki. Watoto wake walitaka vinadiwe. Kwenye chumba cha kufulia nguo nilishusha ukutani picha iliyoingia weusi. Nilipoigeuza, nikaona ufunguo.

"Mzee, njoo uone!"

Akavaa miwani, akaitazama nyuma, akaitazama mbele, kisha akakaa sakafuni. Wanaume, tumbaku, mto.

Nyumbani Beechmont nilimweleza mume wangu. "Bon, si ni ya babu yake?" akasema, akianza kwa Kifaransa kama kawaida yake. "Aichukue tu."

Nami niliwaza hivyo hivyo. Kesho yake nilimuuliza mzee kama ataibakiza.

"Dalali hanunui anachokinadi," alinijibu.

"Mbona babu yako alinunua?"

"Alinunua. Watu wakasema anajiuzia mwenyewe. Ndipo akaiweka sheria hiyo."

Siku ya mnada watu walijaza viti vyote, wengine wakasimama ukutani. Mikono ikainuka huku na huku, na nilikuwa nikimtazama mzee zaidi kuliko picha. Sauti yake haikutetemeka. Akagonga nyundo, picha ikachukuliwa na mwanamke aliyetoka Buffalo.

Nilipokuwa nikiifunga, mzee alikuja akashika kona ya fremu kana kwamba ananisaidia. Sikuhitaji msaada, lakini nilimwachia. Nikafunga polepole, karatasi juu ya karatasi.

"Laiti babu angeviona vile viti," akasema.

Kisha akaniuliza kama kamba imebaki, maana lori lilikuwa linakuja na picha nyingine bado zilikuwa wazi mezani.